Bahari ya Matuta

Zaina,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa salamu ndefu, nikiulizia hali za watu hata wale nisiowapenda. Hii siianzi hivyo. Salamu mimi na wewe tumepeana za kutosha. Kila asubuhi tangu ulipokuwa darasa la sita umesimama mlangoni, umeinamisha kichwa, umesema, "Shikamoo, baba," nami nimeitikia, "Marahaba," na hapo mazungumzo yetu ya siku nzima yamekwisha. Hakuna jirani anayeweza kusema binti yangu hana adabu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua adabu hiyo ina makali kiasi gani.

Sasa hivi uko Mlola kumuaga bibi yako. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari na kuwagombeza kuku. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Tanga, chuo cha ufundi. Habari za kufunga begi vizuri, kuchemsha maji ya kunywa, kuswali kwa wakati na kutokopesha watu nguo zako, mama yako ameshazisema na atazirudia stendi mpaka kondakta aone haya. Mimi huko sina la kuongeza.

Ninaandika kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba likizo hutarudi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimeshika msumeno, nikachelewa kukohoa. Mama yako akakuuliza, "Hata Idd?" Ukasema, "Idd nayo tutaona, mama." Ulisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa chai ya pili. Niliondoka pale bila kukohoa, nikaenda kukata mbao ambazo hazikuhitaji kukatwa. Najua hukusema hivyo kwa sababu ya nauli. Unanikimbia mimi. Na najua umeanza kunikimbia siku gani.

Kwa hiyo nitaandika habari ya manowari. Upande wako unaujua. Upande wangu sijawahi kukueleza kwa sababu hauna sifa, na mimi ni mtu anayependa sifa.

Unakumbuka ilivyoanza. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa. Sokoni Lushoto marobota ya mitumba yalikuwa yanafumuliwa chini na watu wanapigania makoti ya Ulaya. Mama yako alikwenda kukununulia sweta, wewe ukarudi na boksi. Lilikuwa la mchezo wa kuunganisha vipande, meli ya vita ya plastiki, ila plastiki yenyewe haikuwemo. Huko ilikotoka mtoto wa watu alikuwa ameshaimaliza, au ameshaivunja. Mwuzaji alitaka kulitupa, ukaliomba. Lilibaki boksi tupu na picha kwenye kifuniko: manowari ya kijivu, mizinga imeinuka, bahari imechafuka, na maandishi ambayo hata mwalimu wako mkuu hakuweza kuyasoma. Uliniwekea mezani ukasema, "Tate, hii tunaweza kuitengeneza kwa mbao?"

Wakati ule ulikuwa unaniita Tate. Kiswahili chako kilikuwa cha shule na cha wageni. Na mimi ulikuwa unaongea Kishambaa tangu unaamka mpaka usingizi unakukuta kwenye kiti.

Wakati ule na mimi nilikuwa mtu. Nilikuwa seremala mkuu kwenye kiwanda cha mbao cha serikali, nina karakana yenye madirisha, nina vijana wa kuwakaripia. Nilikuletea kipande cha mti wa mkulo, kikavu, kisicho na jicho hata moja, kinanuka dawa mpaka nguo zako zikanuka. Nilikwambia kazi ya kwanza si kuchonga, ni kupata skeli. Nikakuonyesha wale mabaharia waliochorwa kwenye sitaha. Nikasema, mtu ni mtu duniani kote. Tukimpima huyu baharia tutajua meli ina urefu gani. Ukampima kwa punje ya mchele. Halafu ukaipanga michele ubavuni mwa meli, kutoka omo mpaka tezi, ukiwa umetoa ulimi nje. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na ninaisema leo kwa kuwa nadhani hukuambiwa.

Picha ilionyesha ubavu mmoja tu. Ule mwingine tulikisia. Ukaniuliza, "Na kama upande wa pili wana mlango ambao hatuujui?" Nikakwambia fundi haulizi asichokiona, anachonga. Jibu la kijinga lile. Nililitoa kwa sauti ya kifundi, ukaliamini.

Mizinga tulitengeneza kwa spoku za baiskeli. Vyuma vya kuzuia watu wasidondoke baharini ulivisuka kwa waya mwembamba wa koili ya redio iliyokufa. Mnyororo wa nanga ulikuwa kipande cha mkufu wa mama yako uliokatika, na mpaka leo anauulizia. Rangi nilichanganya mwenyewe kiwandani, nyeupe na nyeusi na tone la bluu, nikairudia mara nyingi mpaka kijivu chake kikawa kile cha kwenye boksi. Meli ile niliichonga mimi, Zaina, na ilikuwa nzuri. Hilo sitalionea aibu.

Bahari ilikuwa kazi yako. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo: mimi meli, wewe maji. Nilikupa ubao mpana wenye shimo la kukalia meli katikati, vumbi la mbao na gundi ya kuchemsha, nikakwambia niite ukimaliza.

Ulikwenda kwanza kwenye bwawa la kumwagilia kabichi za mama yako. Uliifunga kamba meli yangu ikiwa bado haijapakwa rangi, ukawa unaivuta huku unatembea ukingoni, unarudi, unaivuta tena. Nilipita nikadhani unacheza. Nikakufokea kwamba mti utakunywa maji na kupasuka. Ukaniambia, "Tate, hebu tazama. Maji yanapasuka mbele, halafu yanafunguka huku na huku kama mbawa, na nyuma yanachemka." Sikutazama. Nilichukua meli yangu nikaikausha kwa shati.

Ulipoleta ubao wako, bahari yako ilikuwa imevurugika. Mahali imeinuka, mahali imelala, mbele ya shimo la meli imepasuka, nyuma imefanya mapovu ya nta ya mshumaa. Nilichukia kuitazama. Haikuwa na mpango. Nikakwambia, "Hii si bahari, huu ni uji uliomwagika. Mawimbi yanakuja kwa mistari. Parua, panga upya." Ukasema bwawani uliona vingine. Nikakujibu, "Hilo ni bwawa. Mimi bahari nimeiona Tanga, wewe umeiona wapi?"

Sasa nikueleze niliiona wapi. Nikiwa kijana nilishuka Tanga na lori la mbao za kiwanda. Tulifika giza limeingia, tukalala juu ya mzigo ndani ya yadi ya mwenye mbao, asubuhi tukashusha, mchana tukapandisha kurudi. Katikati ya maghala mawili niliona kitu cha bluu kimekaa kama utepe. Nikauliza ile ndiyo bahari, wakaniambia ndiyo. Basi. Hiyo ndiyo bahari niliyokutishia nayo. Mistari ile sikuitoa Tanga, niliitoa hapa nyumbani, kwenye shamba la babu yako. Maisha yangu yote nimetazama mlima uliokatwa matuta, moja juu ya jingine, yamenyooka, yanazuia udongo usikimbie. Kwangu mimi kitu kikubwa kilichopangwa vizuri lazima kiwe na matuta. Nikakulazimisha ulime bahari.

Kesho yake ulileta ubao umepangwa. Ulikuwa umechukua chanuo la mama yako ukachora mistari kwenye gundi ikiwa mbichi, tuta, mfereji, tuta, mfereji, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikakuuliza, "Umeparua ile ya kwanza?" Ukasema, "Ndiyo, Tate." Nilikaza meli kwenye shimo lake kwa gundi kidogo, nikaona imezama zaidi ya nilivyopima. Nikasema vizuri, manowari ni nzito, imebeba risasi. Nilikusifia. Hukucheka. Nilidhani umechoka.

Halafu kiwanda kikapata mwekezaji.

Hatukulijua neno lenyewe. Tulilisikia redioni tukadhani ni la watu wa mjini. Akaja meneja mpya, mtu wa pwani, mwenye sauti laini na viatu visivyogusa tope. Ikasemwa watu watapunguzwa. Kila mtu akaanza kumtafutia meneja cha kumpa. Mmoja alipeleka mbuzi, mwingine asali, mwingine alipeleka maneno ya wenzake. Mimi nilijiona nina akili kuliko wote. Nilimkaribisha nyumbani kwa chakula ili aione manowari kabatini, na ajue ana fundi wa namna gani.

Siku hiyo unaijua. Lakini acha niiandike, ili usije ukadhani nimeisahau au kwamba ninaikumbuka kwa namna inayonipendeza.

Alikula, akasifu maharage, akaiona. Akainuka na kuizunguka. "Nani kachonga hii?" Nikasema, "Mimi, bosi." Akagusa mizinga kwa ncha ya kidole. Akasema hata kule kwao hajaona mkono wa namna hii, na mimi nikavimba kichwa palepale. Kisha akaangalia chini, akaanza kucheka. "Na huku chini mmepanda nini, fundi? Kabichi au viazi?" Dereva wake akacheka. Akaendelea, "Bahari gani hii ina matuta? Nyie watu wa milimani bwana!"

Nami nikacheka, Zaina. Nilicheka kwa nguvu kuliko dereva. Nikasema, "Ah, huo ni utundu wa mtoto tu, bosi. Amezaliwa hapa mlimani, bahari ataijulia wapi? Mimi nilitengeneza meli."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la chai. Nilikuona. Sitaki uishi ukijiuliza kama baba yako alijua upo. Nilijua. Nilikuona unanitazama, nikageuza macho kwa meneja, na kwa vile nilikuwa nimeshaanza kuteremka nikateremka mpaka chini. Nilichukua kisu, nikakata gundi kuzunguka meli, ikatoka kwa mlio mkavu. Nikampa kwa mikono miwili. "Ndiyo makaribisho yetu," nikasema. Naye akasema, "Ahsante sana. Shamba lenu bakini nalo."

Ulimimina chai. Hukumwaga hata tone. Walipoondoka uliosha vikombe, ukauchukua ubao na shimo lake katikati, ukaupeleka stoo. Mama yako alinifokea kwa Kishambaa mpaka jirani akafunga dirisha. Asubuhi yake ukasimama mlangoni: "Shikamoo, baba." Tate alikuwa ameshaondoka kwenye nyumba hii.

Nilijiambia ni ya kitoto, itapita. Nilijiambia nimefanya kwa ajili yenu, ili mle. Hilo lingekuwa na maana kama lingetusaidia. Walitukusanya uwanjani pale penye magogo, majina yakasomwa kwa kipaza sauti, langu likiwa kati ya yale ya mwanzo kwa sababu ya umri. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo nilikuwa naliona dirisha la ofisi ya meneja. Dirisha lilikuwa na tatizo la kujifunga kwa upepo. Walikuwa wameliwekea manowari yetu kulizuia. Ilikuwa imelazwa ubavu, mlingoti umevunjika, na fremu imeukalia ubavu ule ambao pichani uliupanga michele. Wenzangu walilia kazi. Mimi nililia dirisha lile, na sikuweza kumwambia mtu. Baadaye kiwanda chenyewe kilifungwa, mashine zikapakiwa kwenye malori, na meli sijui ilikwenda na nani.

Tangu hapo unajua ninachofanya. Napigilia makasha ya nyanya yanayopelekwa Dar es Salaam, mti mbichi, misumari ya bei rahisi, kitu kinachotengenezwa ili kivunjwe. Duka la pale barabarani linauza viti vya plastiki, na watu niliowatengenezea vitanda vya ndoa wanavinunua wakiniona. Sina ninayemlaumu kwa hilo. Au ninao wengi, lakini hawasomi barua.

Niliwahi kurudi Tanga mwaka ule wa kupunguzwa, kutafuta kazi. Sikupata. Ila nilipata muda, kwa hiyo nilikwenda mpaka majini, nikakaa kwenye ukuta wa mawe. Boti ya bandari ilikuwa inatoka kuipokea meli nje. Maji yakapasuka mbele yake, yakafunguka huku na huku kama mbawa, na nyuma yakachemka. Ulikuwa umeniambia kwa maneno hayo hayo. Nilikaa pale mpaka boti ikawa ndogo. Niliporudi nyumbani uliniamkia, nikaitikia, nikala ugali wangu. Ningeweza kukwambia siku ile. Nilikuwa nimetoka kunyimwa kazi na watu wazima wanne wenye tai, nikaona sitaweza tena kushindwa na mtoto. Ndivyo nilivyokuwa, na sikuombi unionee huruma.

Na mimi pia nina donge langu, tusidanganyane. Wewe na mama yako mlipokwenda kwenye usaili wa chuo, mwalimu mmoja alikuuliza nani kakufundisha kushika randa. Ukasema umejifunza mwenyewe. Mama yako aliniambia akidhani nitacheka. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mkono wako wa kushoto unavyouongoza ubao huku wa kulia ukisukuma, huo ni mkono wangu. Kule kusikiliza msumeno kabla ya kuutazama, hiyo ni yangu. Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima, mpaka siku moja nikiwa napigilia kasha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Huo ni utundu wa mtoto tu." Nikaona tumekuwa sare. Haikunifurahisha. Kufanana na mtu kwa ubaya nako ni kufanana, na nilikuwa nimetaka ufanane nami kwa kitu kingine.

Ningeishia hapa, na barua hii ingekuwa ya mzee anayelalamika. Lakini leo baada ya swala ya alasiri mama yako alikuwa anasafisha stoo, akautoa ule ubao. Akasema, "Huu kama hauchukui, nitaufanya kuni za maharage." Nikamwambia alete. Nilitaka kukufanyia jambo la mwisho kabla hujaondoka: kuyaparua yale matuta, nikuachie ubao safi. Niliona ni wazo zuri. Mawazo yangu mazuri unayajua.

Niliufunga kwenye meza ya kazi, nikanoa randa, nikaiweka juu ya tuta la kwanza. Mkono ukakataa. Nilikuwa nimeshakwambia uiparue bahari yako mara moja, na sasa nataka kuiparua tena, tena bila kukuuliza, tena nikijiita mwema. Nikaweka randa chini. Ndipo nikaona ukingo wa lile shimo, pale kisu changu kilipopita siku ya meneja. Kulikuwa na kitu cheupe kimechungulia. Nikakivuta kwa kucha. Kilikuwa nailoni.

Nikachukua patasi nyembamba, nikaingiza chini ya pembe moja. Matuta yaliinuka kama ganda la mkate. Chini ya matuta kulikuwa na nailoni, ya ile mifuko iliyokuwa imeanza kuuzwa sokoni, imetandazwa bila hata kunja moja. Na chini ya nailoni kulikuwa na bahari yako. Yote. Mbele imepasuka, huku na huku zile mbawa, nyuma mapovu ya nta hayajaguswa hata na vumbi.

Hukuparua. Uliniambia, "Ndiyo, Tate," ukaifunika, ukalima matuta yangu juu yake. Kumbe ndiyo maana meli ilizama: maji yalikuwa tabaka mbili. Nami nikasema imebeba risasi! Nilicheka peke yangu pale kwenye meza ya kazi, Zaina, kicheko kibaya, halafu kikageuka, ikabidi nikae kwenye magogo.

Kwa sababu nilirudi kwenye ile siku. Wewe umesimama mlangoni na sinia. Mtu wa pwani anaicheka bahari, na baba yako anasema ni ya kwako. Ungeweza kuweka sinia chini. Ungeweza kushika pembe moja tu na kuvuta, na yule bwana, ambaye maji aliyajua tangu utotoni, angeiona bahari yenyewe, na angejua papo hapo nani fundi na nani mwongo. Ilikuwa hatua chache kutoka uliposimama. Hukuifanya. Uliniacha na uso wangu mbele ya bosi wangu. Ulinisitiri dakika ile ile niliyokuanika, ukanimiminia chai.

Miaka yote hii nilidhani shikamoo yako ni adhabu. Huenda ni adhabu. Lakini nadhani sasa ilikuwa pia ni ile nailoni: kitu ulichokitandaza juu ya kitu kingine ili mimi nisikiharibu. Siwezi kukulaumu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mbele ya baba yako kitu kizuri hufichwa.

Sikuombi urudi likizo. Nilianza barua hii nikitaka kukuomba hivyo, na karatasi ya kwanza nimeichana. Huko unakokwenda watakuwepo mafundi watakaokwambia upange mistari. Baadhi watakuwa wanajua, wengine watakuwa wameiona bahari kati ya maghala mawili. Sijui utawatofautishaje. Mimi mwenyewe nisingejitofautisha. Nilikuwa na sauti nzuri sana. Ninachojua ni kwamba ulikuwa na miaka ya darasa la sita na ulikuwa umeshajua namna ya kutii bila kuharibu. Sipendi kwamba ulilazimika kuijua nyumbani kwangu.

Ubao nimeurudisha kama ulivyokuwa. Ile pembe niliyoinua nimeilaza, sikuendelea kufunua, si kazi yangu. Nimeufunga kwenye khanga ya mama yako na kuuweka kando ya begi lako mlangoni. Meli ya kuziba shimo sijachonga, na sitachonga mpaka uniambie. Ukitaka kuuchukua, uchukue. Ukiuacha, nitaurudisha stoo na sitaruhusu mtu aufanye kuni za maharage.

Kesho nitakusindikiza stendi na kubeba begi. Ukiniamkia nitaitikia. Ukinyamaza nitaelewa, na ukiwa na neno jingine, hata la hasira, hata kwa Kishambaa cha kufokea, nalisubiri tangu uliposhika lile sinia.

Na Tanga, siku yoyote mtu akiuona ubao huo akacheka, akuulize ni nani mjinga aliyelima bahari, usinisitiri tena. Mwambie, "Matuta ni ya baba yangu." Kisha shika pembe, uvute.

Ni mimi,
aliyekuwa Tate